Kupima upandaji wa mawingu milimani: kura au rada?

Kupanda mawingu ni kuyatia chembe ili yamwage theluji zaidi; swali ni kama kweli inaongezeka. Kwa kura, yaani bahati nasibu, milima miwili jirani hushindanishwa: ulioangukiwa na kura hufukiziwa iodidi ya fedha, kemikali inayogandisha matone ya wingu, mwingine huachwa uwe wa kulinganishia. Wyoming, jimbo la Marekani, ilifanya hivyo mwaka 2008 hadi 2014 kwenye milima ya Medicine Bow na Sierra Madre; theluji iliongezeka takriban 3%, kiasi ambacho bahati pekee ingeweza kukileta. Theluji hubadilika mno yenyewe, moshi huvuja hadi mlima wa pili, na upepo hupeperusha chembe za theluji zisiingie kwenye chombo cha kuipimia. Subira ya miaka, gharama kubwa.

Rada hujibu upesi. Idaho, jimbo jingine la Marekani, mwaka 2017, mradi wa utafiti wa SNOWIE uliona kwa rada mistari ya theluji ikifuata njia ya ndege iliyopanda mawingu. Ila ni pale tu theluji ya asili ilipokuwa haba, na jumla ya msimu haikupatikana hapo.

Unayelipia maji ya bonde zima, kura haikwepeki. Unayechunguza kama mbinu inafanya kazi, anza na rada.