Miezi minne na mazoezi ya sauti ya dola 10: uzoefu wangu, mwalimu na mwimbaji wa Goma

Nafundisha darasa la tatu katika shule moja ya msingi huku Majengo, watoto 58 chini ya mabati. Mara mbili kwa wiki, jioni, niko kwenye repetisyo (mazoezi ya kuimba) ya korali ya parokia, upande wa soprano, sauti ya juu ya wanawake. Mwaka jana ikifika Alhamisi sauti yangu ilikuwa imekwisha. Haikuuma. Ilikwaruza tu, kama redio ambayo haijashika vizuri, na noti za juu nilizozipata Jumapili bila hata kuzifikiria zikawa zinatoka hewa tupu. Siku moja Maestro, kiongozi wa korali yetu, alisimamisha wimbo, akanisogelea, akasema taratibu ili wengine wasisikie: «Mama Mwalimu, pumzisha kwanza. Leo unasukuma, hauimbe.»

Nililia njiani kwenda nyumbani. Kuimba ndiyo saa yangu ya kupumua katika wiki nzima.

Kabla sijanunua kitu chochote nilikwenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, yule tunamwita ORL, na hilo naliweka mbele makusudi. Sauti ilikuwa imekaa vibaya zaidi ya wiki 3, na sauti ikikaa hivyo muda wote huo bila mafua ya kuieleza, mazoezi si mahali pa kuanzia. Alitazama kwa kamera ndogo, akasema nyuzi za sauti zimevimba kidogo lakini hazina vinundu. Akanieleza kwamba tunaziita nyuzi, kumbe ni mikunjo miwili ya nyama laini ndani ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, kwa mwanamke haifiki hata sentimita 2 kwa urefu. Mwanamke akizungumza kawaida inagongana kama mara 200 kwa sekunde. Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu kwenye daftari la maandalizi: saa moja tu ya kutoa sauti ni mara 720,000. Mimi nafundisha asubuhi nzima, na jioni naimba.

Ni yaya mmoja, dada mkubwa wa upande wa alto, sauti ya chini ya wanawake, aliyeniambia habari za mazoezi haya. Ni rekodi 14 zilizotengenezwa na mwalimu mmoja wa sauti hapa mjini, zinakuja kwa WhatsApp ukishalipa dola 10 kwa simu. Mimi si ndugu yake, na sikupewa punguzo. Nilianza Septemba, shule zilipofunguliwa, na sasa Krismasi imepita, kwa hiyo ninaandika baada ya miezi 4 ya kuyatumia karibu kila siku.

Kilichonivuta ni jinsi yalivyopangwa. Vokalizi tulizozoea kwenye korali zinaanzia kwenye noti: do-re-mi-fa-sol, panda nusu hatua, rudia, mpaka soprano wanapiga kelele na besi wameshanyamaza. Huyu ameanzia kwenye shida. Rekodi moja inaitwa «Sauti inakwaruza», nyingine «Sauti inavunjika katikati», nyingine «Pumzi inaisha kabla ya mstari», na ile inayohusu taya na shingo iliyokaza. Unachagua kulingana na ulivyoamka.

Niseme kwa kirefu juu ya zoezi la mrija, maana kwangu hilo peke yake linastahili zile dola 10. Unachukua mrija, kama ule wa kunywea kasiksi, pombe ya ndizi, ila mwembamba zaidi, unaubana kwa midomo hewa isivuje pembeni, halafu unatoa «uuu» ndani yake. Hakuna kujaza mashavu, hakuna kusukuma. Bana pua kwa vidole: sauti ikikatika, basi ilikuwa inatokea puani, anza upya. Kisha unapanda na kushuka polepole kama gari linalopanda mlima na kuteremka. Rekodi ya pili inakuambia uuzamishe mrija kwenye glasi ya maji, sentimita 2 au 3 tu, na usikilize mapovu. Mapovu yakitoka sawasawa, pumzi yako iko sawasawa. Yakirukaruka, unasukuma.

Mwalimu anaeleza sababu, na nilipomuuliza daktari alikubaliana naye. Kwa kuwa mlango wa kutokea ni mwembamba, hewa inajaa kidogo nyuma ya midomo na kurudisha msukumo mpaka chini kwenye zoloto. Msukumo huo unazisaidia nyuzi zikae zimeachana kidogo, zitetemeke bila kupigana kwa nguvu. Unapata sauti bila kulipia gharama yake yote. Mtafiti wa sauti wa Marekani, Ingo Titze, ndiye aliyelieneza sana zoezi la mrija kwa waimbaji na kwa wagonjwa wa sauti, ingawa kuimba huku mdomo umezibwa nusu ni desturi ya zamani kuliko yeye.

Siku nne za kwanza sikuona tofauti yoyote, na nilikaribia kuacha. Siku ya tano, wakati wa mapumziko, nilijificha nyuma ya darasa na mrija wangu dakika 3. Niliporudi kuita majina, sauti ilitoka mbele, nyepesi, nikaona watoto wa nyuma wameinua vichwa bila mimi kupandisha. Toka siku hiyo mrija uko kwenye mkoba pamoja na chaki. Nafanya dakika 3 saa 4 asubuhi, dakika 3 baada ya masomo, na kidogo tena kabla ya repetisyo.

Zoezi la kuvumisha midomo, «brrrr», kila mtoto wa Goma analijua tayari: ndivyo wanavyoiga moto (pikipiki) ya motari ikipanda kwenda Ndosho. Linafanya kazi ileile ya mrija, na zuri zaidi ni kwamba halihitaji kifaa. Midomo ikikataa kuvuma, weka vidole viwili pembeni mwa mdomo uinue mashavu kidogo. Wenye taya iliyokaza watashindwa mwanzoni, na kushindwa huko ndiko kunakowaonyesha kuwa taya imekaza.

Kuna zoezi la «ng'» ambalo lilinigusa kwa namna nyingine. Kuna lugha ambazo mwimbaji analazimika kuitafuta sauti hiyo mwishoni mwa neno na kuing'ang'ania. Sisi tunayo mwanzoni kabisa, kwenye ng'ombe, kwenye ng'ara. Lakini wengi wetu hapa tunatamka «ngombe» kwa g nzito, na kwa zoezi hili g inaharibu kila kitu, kwa sababu inafunga kisha inapasua. Ilibidi nijifunze kuitamka kama watu wa pwani, nyuma ya ulimi imegusa juu, sauti ikipita puani bila kukatika, kisha kuifungua taratibu: ng'-a, ng'-e, ng'-i, ng'-o, ng'-u. Ukishaishika, unaisikia sauti ikitetemeka kwenye mfupa wa pua badala ya kukaa kooni. Na irabu zetu tano ni safi, hazipindi katikati. Mwimbaji wa Kiswahili ana mtaji hapo, na ninafurahi kwamba mwalimu huyu ameutumia badala ya kunakili maneno ya kigeni.

Shida yangu kubwa ilikuwa ile ya sauti kuvunjika. Kwangu mahali penyewe ni kati ya mi na sol juu ya do ya katikati, pale sauti ya kifua inapokabidhi kazi kwa sauti ya kichwa. Nilikuwa navuka kwa nguvu, kama mtu anayeruka mfereji. Rekodi ya sita inakufanya uvuke kwa king'ora cha «uuu», kidogo sana, karibu na kunong'ona lakini si kunong'ona, ukishuka kutoka juu badala ya kupanda kutoka chini. Kushuka ndiko kulikonisaidia. Sauti nyepesi ya juu inateremka na wepesi wake, wakati ile nzito ya chini inapanda na uzito wake wote. Ilinichukua wiki 6. Pengo bado lipo, lakini kanisani halisikiki tena.

Kuna jambo ambalo halikuandikwa kwenye tangazo, na mimi naliona ndilo lenye thamani kuliko yote. Hicho king'ora kidogo cha asubuhi kinakupa habari. Nyuzi zikiwa zimevimba, noti za kwanza kupotea ni za juu zinazoimbwa kwa sauti ndogo. Zile za nguvu bado zitatoka, ndiyo maana tunajidanganya. Nikiamka king'ora kikapita chote, najua leo naweza kuimba. Kikikatika pale juu na kutoa hewa, najua jana niliidai sauti kupita kiasi, basi darasani naandika zaidi ubaoni, nawapa watoto kazi ya vikundi, na jioni nakaa kwenye repetisyo nikifuata kwa macho. Zamani nilichukulia vokalizi kama kupasha injini moto. Sasa najipima kwanza, nikipasha ni baada ya kupima.

Sasa niseme yasiyo mazuri, na mwalimu mwenyewe nimemwandikia kabla ya kuandika hapa.

Rekodi ya sauti iliyokauka inashauri unong'one siku nzima ili kupumzisha koo. Hapana. Watu wengi wakinong'ona wanabana zoloto zaidi kuliko wakizungumza kwa upole. Daktari aliniambia ama ninyamaze kabisa, ama niongee chini chini kwa sauti yangu ya kawaida. Rekodi hiyo hiyo inasifu asali na tangawizi kana kwamba vinapita juu ya nyuzi na kuzipaka mafuta. Unachokimeza kinapita njia ya chakula. Kikigusa nyuzi utakohoa mpaka machozi. Chai ya tangawizi inaniliwaza, naipenda, lakini inayozifikia nyuzi moja kwa moja ni hewa unayovuta, kwa mfano mvuke wa maji ya moto. Maji ya kunywa nayo yanasaidia kwa kupitia mwilini, polepole, kwa hiyo nakunywa tangu asubuhi. Chupa nzima dakika 5 kabla ya misa haiokoi kitu.

Na hakuna neno hata moja juu ya vumbi. Mtu anayeishi mji huu uliojengwa juu ya mawe ya Nyiragongo, ambapo lava ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji na mpaka leo udongo wetu ni mweusi, anawezaje kutengeneza mazoezi ya sauti na asitaje vumbi? Kiangazi, ukishuka kwenye moto umekula barabara nzima. Mimi nafunga kitambaa puani na mdomoni, nikifika nasukutua kwa maji na kuvuta mvuke kidogo. Na pale ninapotaka kukohoa ili kusafisha koo, nameza mate, maana kule kukwangua koo ni kuzigonga nyuzi makusudi.

Wanaume wamesahaulika pia. Mifano yote imeimbwa kwa sauti ya mwanamke na kinanda kinaanzia mahali pazuri kwa soprano. Alto wanafika juu wamebanwa, na besi inabidi ajitafutie mwenyewe okteva ya chini. Kaka yangu alijaribu siku 2 akarudisha simu.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna rekodi itakayolitibu: bafle, yaani spika. Kanisani kwetu tunaimba tumesimama kando ya bafle kubwa, jenereta inanguruma nje ya dirisha. Mwanadamu akizungukwa na kelele anapandisha sauti bila kujua. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza hilo mwaka 1911, na mpaka leo linabeba jina lake. Unaweza kufanya mrija dakika 20, ukasimama hapo, ukaharibu yote kwa wimbo mmoja. Nilimwomba Maestro soprano wahamie upande wa pili, mbali kidogo na bafle, tujisikie. Alikubali baada ya kubishana na watu wa vyombo. Misa ya usiku wa Krismasi niliimba mpaka mwisho, na kesho yake asubuhi nikaweza kuwasalimia majirani kwa sauti yangu.

Nani anunue? Mwimbaji ambaye tayari ana sikio, anayejua akikosea, na anayetumia sauti kwa kazi: mwalimu, mhubiri, muuzaji wa Birere, mtangazaji. Anayeanza kuimba leo namshauri atafute kwanza mtu wa kumsikiliza uso kwa uso, kwa sababu rekodi haisikii kwamba umeinua mabega au umekaza shingo. Faili zote pamoja hazizidi mega 60, zinachezeka kwenye simu ndogo bila intaneti, na sauti ya rekodi ni safi isipokuwa ya tisa ambayo ina kelele za mvua. Mwalimu anaomba tusizisambaze, nami nimeheshimu: walioniomba nimewapa namba yake, si faili.

Alijibu barua yangu kwa ujumbe wa sauti wa dakika 4. Juu ya kunong'ona alisema atarekebisha. Juu ya wanaume, anatafuta teno na besi wa kurekodi nao mwezi wa pili. Kaka yangu amesema akitoa hizo, nimnunulie.