Kuhamia Nansio kutoka Mwanza: vyombo viende kwa meli au kwa lori la Kisorya?

Anayehama Mabatini, Igoma au Buhongwa kwenda kuishi Nansio, makao makuu ya Wilaya ya Ukerewe, ana njia mbili za kupeleka vyombo vyake. Ya kwanza ni meli kutoka Mwanza: kama saa tatu hivi majini, na ukishuka umefika mjini. Ya pili ni lori linalopita Kisesa, Magu, Lamadi na Bunda, kisha Kibara hadi Kisorya, ambako kivuko cha TEMESA, wakala wa serikali, huvusha magari hadi Rugezi, upande wa kisiwa cha Ukerewe. Barabara hiyo inazidi kilomita 200. Ukitazama ramani utachagua meli bila kusita. Lakini kwa nyumba nzima yenye friji, kabati la vyombo na vitanda vya mbao, pendekezo letu ni lori, na sababu ni moja: kinachoharibu vyombo ni kupakuliwa na kupakiwa upya. Urefu wa safari unafuata nyuma sana.

Hesabu mwenyewe. Kwa meli, kabati linatoka ndani kwenda kwenye kirikuu, kutoka kirikuu hadi sakafu ya bandari, kutoka hapo hadi melini, kutoka melini hadi gatini Nansio, kutoka gatini hadi kwenye guta, kutoka guta hadi ndani ya nyumba mpya. Mara sita, na kila mara wanalishika watu wengine wasiojua mguu upi umelegea. Kwa lori linapakiwa mara moja na kupakuliwa mara moja, na waliopakia wanaweza kuwa ndio wanaopakua. Kabati za mbao laini na zile za mbao za kubandika, ambazo zimejaa majumbani siku hizi, hazivumilii zaidi ya kunyanyuliwa mara tatu au nne kabla skrubu hazijang'oka kwenye matundu yake.

Tuanze na gari lenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Kirikuu imeundwa kubeba kama kilo 350 tu. Inatosha kwa chumba kimoja cha mtu asiye na familia. Kuipeleka Kisorya ikiwa na vyombo vya chumba na sebule ni kutafuta pancha na kitu kibaya zaidi kwenye miteremko. Kwa chumba na sebule, au vyumba viwili, tafuta Kenta yenye bodi ndefu. Fuso ina nafasi kubwa kuliko unavyohitaji, na utalipia nafasi hiyo, isipokuwa mkichanga familia mbili. Kumbuka pia kwamba gari lenye uzito wa kuanzia tani 3.5 hulazimika kupita kwenye mizani ya barabarani, kwa hiyo dereva anayekwambia "tutapita tu" akiwa amejaza kupita kiasi anakuweka kwenye foleni, na faini ikitoka atataka muigawane.

Mpatane bei ya mlango hadi mlango. Neno hilo lina uzito wake. Lazima bei iseme nani analipa nauli ya kivuko kwa gari, nani analipa wabebaji pande zote mbili, na nini kinatokea lori likilala Kisorya. Kivuko cha mwisho cha siku kikikukuta bado uko Kibara, utalala upande wa bara na vyombo viko nje. Ndiyo maana tunashauri kupakia jioni, kufunga turubai usiku huo huo, na kuondoka Mwanza alfajiri, ili ufike Kisorya jua likiwa bado juu hata kama foleni ni ndefu. Ulizia ratiba ya kivuko siku moja kabla, kwa mtu aliyepo Kisorya au Rugezi. Ratiba hubadilika chombo kinapokwenda matengenezo, na dereva wa Mwanza mara nyingi anajua ya mwezi uliopita.

Kwenye kivuko chenyewe abiria hushuka, dereva peke yake ndiye anayeingiza gari. Hakikisha utingo anaweka vigingi vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu, breki ya mkono imevutwa na gari limeachwa kwenye gia. Mahali pa kuangalia kwa makini ni mlango wa kivuko. Maji ya ziwa yakipanda au kushuka, pembe ya mlango huo hubadilika, na gari lenye mkia mrefu au lililopakiwa nyuma sana hukwaruza chini wakati wa kupanda. Vitu vizito, yaani friji, mashine ya kufulia na magunia, vikae karibu na kibini ya dereva. Magodoro na viti vya plastiki ndivyo vikae nyuma.

Meli tunaipa nafasi yake. Mtu mwenye mabegi, godoro, jiko na ndoo, vyote visivyozidi vipande kumi na tano, hana haja ya kulipa Kenta. Meli itamfikisha siku hiyo hiyo kwa gharama ndogo, na hapo mara sita za kubebwa hazina madhara makubwa kwa sababu hakuna cha kuvunjika. Afunge vifurushi vichache vikubwa vinavyobebwa na mtu mmoja, kila kimoja kikiandikwa jina na namba kwa kalamu ya wino mzito: 1 kati ya 14, 2 kati ya 14, na kuendelea. Stakabadhi ya mzigo ionyeshe hesabu hiyo hiyo. Mzigo ulioandikwa "vyombo mchanganyiko" ukipungua, huna cha kudai. Na wabebaji wa gatini mpatane nao kwa mzigo wote hadi kwenye guta, na kiongozi wao mmoja, kabla mtu hajagusa kitu. Ukiacha kila mmoja achukue kipande chake, utalipa mara kumi na tatu, na kipande cha kumi na nne hutakiona.

Kupima mizigo bandarini huwakera wengi. Wasikereke. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, ikiwa karibu kabisa kufika Ukara ndani ya wilaya hii hii ya Ukerewe. Katika ajali hiyo ya pili walikufa watu zaidi ya 220. Kwenye ajali zote mbili, kujaza kupita uwezo kumetajwa. Chombo kikionekana kimejaa, shuka, hata kama vyombo vyako vimeshapakiwa. Na usikubali kamwe kuhamisha nyumba kwa mtumbwi wa kukodi eti kwa sababu ni nafuu na unaondoka muda unaotaka. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi wa Ziwa Victoria. Usome kabla ya kupanga siku.

Majira mazuri ni Juni. Masika yameisha, turubai halina kazi kubwa, na shule zimefunga muhula wa kwanza. Desemba nayo ina likizo, na mwanao ataanza mwaka mpya kwenye shule mpya bila kukatisha, lakini vuli bado haijamaliza hasira zake na kila chombo kinachokwenda visiwani kimejaa wanaokwenda kula Krismasi nyumbani. Uhamisho wa mwanafunzi wa shule ya msingi hupitia PReM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, kwa hiyo mwalimu mkuu wa shule anayotoka ndiye wa kuanza naye, wiki kadhaa kabla. Mzazi anayebeba mtoto na madaftari kwanza, kisha ndipo aombe uhamisho kwa simu, hujikuta mtoto anakaa darasani bila kuwa kwenye orodha ya mtu yeyote.

Sasa ufungaji. Friji izimwe na kuachwa wazi siku nzima kabla ya safari, barafu iyeyuke na maji yakauke. Ikisafiri na maji ndani, hayo maji yatashuka kwenye nyaya. Isimame wima njia nzima. Kama ililazwa, hata kwa saa moja, iache imesimama hadi kesho yake ndipo uiwashe, kwa sababu oili ya kompresa hutiririka kuingia kwenye mabomba, na ukiwasha mapema kompresa inasukuma oili badala ya gesi hadi inakufa. Fundi wa friji Nansio wapo wachache, na kompresa mpya itabidi iagizwe Mwanza. Televisheni bapa isilazwe. Isimamishwe katikati ya magodoro mawili, kioo kikitazama godoro laini, na kamba isipite juu ya kioo. Vitanda vifunguliwe vyote. Bolti na nati za kila kitanda zitiwe kwenye mfuko wake na mfuko ufungwe kwenye ubao wa kichwani wa kitanda hicho hicho. Mtungi wa gesi ufungwe koki, regulata itolewe, usimame wima nyuma kabisa kwenye hewa, mbali na jiko la mkaa lenye majivu ambayo kila mtu anaapa yamepoa. Kwa meli, utaje mtungi mapema dirishani, usiufiche kwenye blanketi.

Magodoro yavikwe nailoni nzito hata kiangazi. Kwenye lori ni vumbi, kwenye meli ni maji yanayorushwa na upepo.

Kabla ya kuondoka, usijaze umeme mwingi. Yuniti zilizomo kwenye mita ya LUKU hubaki na nyumba, hazikufuati. Nunua kidogo kidogo wiki ya mwisho. Bili ya maji ifungwe na upewe risiti, na uchukue barua ya utambulisho kwa mwenyekiti wa mtaa wako, maana ndiyo utakayompa kiongozi wa mtaa au kitongoji unakohamia. Mgeni aliyejitambulisha siku ya kwanza hupata msaada siku ya pili. Upande wa Nansio, ingiza namba ya mita kabla hujalipa kodi ya nyumba na ununue umeme wa fedha ndogo kupima. Mita yenye deni la mpangaji aliyetoka itakukata deni hilo wewe. Kodi ya jengo nayo, tangu 2021, hukatwa kwa njia hiyo hiyo ya LUKU, na kisheria ni mzigo wa mwenye nyumba, kwa hiyo mwelewane mapema namna atakavyokurudishia, na muiandike kwenye mkataba.

Nyumba ya kuchungulia ziwa inavutia kila anayetoka kwenye msongamano wa Mabatini. Tunaelewa, na hatuibezi hamu hiyo. Ila tazama alama za maji ukutani na miti iliyokauka ufukweni. Ziwa lilipanda sana mwaka 2020 na tena 2024, na likaingia kwenye nyumba ambazo madalali walikuwa wakizisifia kwa "upepo". Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inaweka mita 60 kutoka kwenye maji kuwa eneo lisilojengwa. Nyumba iliyo ndani ya mita hizo usiichukue hata kwa nusu bei. Kwa kawaida dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja, na wenye nyumba wengi wataomba miezi sita kwa mkupuo. Omba mitatu kwanza. Katika miezi mitatu utajua kama bomba linatoa maji, na kama gari linafika hadi mlangoni mvua ikinyesha.

Maji hayo yana umuhimu kuliko mandhari. Kichocho kipo ziwani kote, na konokono wanaokibeba hupenda penye majani na maji yaliyotulia, yaani pale pale watoto wanapopenda kuogelea. Nyumba isiyo na bomba wala kisima itamaanisha kwenda kuchota ziwani na kukanyaga maji kila siku. Kuchemsha maji ya kunywa hakusaidii miguu iliyokwisha kuingia ziwani. Maji ya kuogea yaliyokaa kwenye chombo safi siku mbili nzima au zaidi, bila konokono, ndiyo salama. Weka nyavu ngumu madirishani kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya vile vijidudu vya ziwani vinavyotanda jioni kama moshi na kuifuata taa.

Kuhusu sokoni, sato, dagaa, machungwa na muhogo utavipata vizuri. Simenti, bati, vipuri na chochote cha dukani kimevuka maji, na bei inakuambia hivyo. Kabla ya kuhama nunua Mwanza regulata ya akiba, nyaya, balbu, koki za bomba na mpira wa jiko la gesi.

Wapo ambao hatuwashauri kuhama sasa hivi. Mgonjwa anayehitaji kliniki ya Bugando, hospitali ya rufaa ya Mwanza, kila wiki, na mama mwenye mimba aliyeambiwa atajifungua kwa upasuaji, wakae bara hadi hali itulie. Nansio ina hospitali ya wilaya, lakini rufaa ya usiku inategemea chombo na hali ya ziwa. Anayetaka mji mdogo wa pwani ya ziwa bila kutegemea kivuko aangalie upande wa Sengerema: tangu Daraja la JP Magufuli la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lifunguliwe Juni 2025, lori linatoka Mwanza hadi huko bila foleni ya majini, saa yoyote.

Kwa wanaokwenda Nansio, mtu mmoja atangulie na ufunguo. Lori likifika saa kumi jioni na mlango umefungwa, dereva atashusha vyombo barabarani ili awahi kivuko cha kurudi. Huyo aliyetangulia awe na chandarua, tochi, ndoo mbili za maji yaliyokwisha kujazwa, na nambari ya simu ya mwenye guta aliyeelewana naye tangu asubuhi.