Kulala Kitulo kwa kilo 15: kipi kinunuliwe kwanza

Wengi wakitaka kwenda kulala Kitulo, hifadhi ya maua iliyo nyanda za juu kusini mwa Tanzania, huanza kuulizia hema. Mimi nawaambia waanze na sponji ya kulalia. Kule uwandani ni kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, na ukienda Juni au Julai unaweza kuamka ukute umande umeganda juu ya majani. Baridi inayomwamsha mtu usiku hupanda kutoka ardhini, na hema, hata la bei mbaya, halina la kufanya hapo.

Nilijua hivyo usiku wangu wa kwanza. Hema lilikuwa zuri, nimejibana miezi miwili kulilipia, lakini chini nilitandika mkeka na kanga mbili. Ilipofika saa nane ubavu wa chini ulikuwa umekufa ganzi na wa juu una joto. Nikigeuka, ganzi inahamia upande wa pili. Saa kumi na moja nikakata tamaa, nikakaa nimekumbatia magoti nikisubiri jua.

Kabla ya kununua chochote, jiwekee kikomo cha uzito. Changu ni kilo 15. Ndicho kikomo cha kawaida cha ndege ndogo zinazopeleka watu mbugani, kama zinazotua Msembe ndani ya Ruaha, na wanataka begi laini lisilo na fremu. Nimeona kinafaa hata kwa anayetembea kwa miguu kutoka Matamba. Huko Oshkosh, Marekani, kila Julai marubani hutua na vindege vyao kwenye maonyesho na kulala hemani chini ya bawa. Wao hupima hadi sufuria, maana kila kilo ya mzigo inakula nafasi ya mafuta. Fanya kama wao: nunua mizani ndogo ya kuning'iniza, uende nayo dukani. Uzito ulioandikwa kwenye boksi mara nyingi hauhesabu vigingi, kamba na mfuko wake.

Nusu ya fedha yako iende kwenye sponji na begi la kulalia, lile la zipu unaloingia ndani yake. Nasema hivi nikijua kwamba hema ndilo linaloonekana kwenye picha.

Katika vya kulalia chini, naiweka ya kwanza ile sponji ngumu inayokunjwa, isiyonyonya maji. Ina uzito wa nusu kilo hivi, haitoboki, na unaifunga nje ya begi. Ijaribu dukani: dondoshea tone la maji, lisizame, bonyeza kwa ukucha, alama irudi. Kwa miezi ya baridi chukua mbili, uzipandanishe. Nafasi ya pili ni godoro la kupuliza lenye kipimo cha R kilichoandikwa, yaani uwezo wake wa kuzuia joto lisitoke. Kwa Kitulo ya Juni tafuta 4 au zaidi. Kwa Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, 2 inatosha kabisa. Godoro la kupuliza lisilo na namba hiyo liache. Ndani yake ni hewa tupu inayozunguka, nayo hupoa kama ardhi ilivyo. Sponji la nyumbani nalo liache kitandani. Ni zito, na likilowa halikauki.

Begi la kulalia ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Lebo inaweza kuwa na vipimo vitatu vya joto: cha kulala kwa starehe, cha mwisho wa kuvumilia, na cha kunusuru uhai tu. Muuzaji atakuonyesha kilicho chini kuliko vyote, "hili linafika hasi kumi na tano, kaka!", na hasemi uongo, ila kipimo hicho ni cha mtu anayepambana asife kwa baridi. Soma cha starehe. Kwa Kitulo na Mlima Rungwe kiwe sifuri au chini yake. Kama lebo ina namba moja tu bila maelezo, chukulia kwamba ni ile ya kuvumilia.

Kati ya manyoya ya bata na nyuzi za poliesta, kwa nyanda zetu nachagua poliesta. Manyoya ni mepesi na yanakunjika hadi udogo wa mkate, lakini yakilowa yanashikana vibonge na joto linaisha. Maua ya Kitulo, ambayo ndiyo yanatupeleka wengi huko, huchanua zaidi kati ya Desemba na Aprili, mvua ikiwa imekolea. Mteremko wa Rungwe unaotazama Nyasa nao ni kati ya sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote nchini. Manyoya yafaa kwa anayekwenda kiangazi tu, na mwenye fedha. Blanketi zito linashika mkia: linakula kilo mbili au tatu za kikomo chako na haliwezi kufunga upepo mabegani.

Mitumba usiidharau. Sido pale Mwanjelwa kwa walio Mbeya, au Mlandege kwa walio Iringa, fika asubuhi mabelo yanapofunguliwa. Ukipata begi la kulalia, linyanyue kuelekea mwanga: ukiona sehemu zinazopitisha mwanga na nyingine nyeusi, nyuzi zimehama, na baridi itapita pale palipo peupe. Vuta zipu kutoka mwisho hadi mwisho mara tatu. Likinuka ukungu, rudisha.

Hema sasa. Kinachozidi yote ni ganda la nje kushuka hadi karibu na ardhi. Hema nyingi za bei nafuu zina kofia ndogo tu juu, na pembeni ni wavu mtupu. Kule uwandani hakuna mti wa kukinga upepo, na ukungu utaingia kulala nawe. Mwambie muuzaji alisimamishe mbele yako. Akikataa, nenda duka jingine. Likisimama, ingia, ufunge mlango, utazame juu: mishono iwe imebandikwa utepe kwa ndani. Pitisha kidole kwenye fito. Za nyuzi za kioo zikianza kutoa vijinywele vyeupe, ziko karibu kupasuka. Za alumini ni bora na nyepesi. Sakafu iandikwe kustahimili maji ya kina cha milimita 3,000, na ganda 2,000. Kwa watu wawili, hema la kilo mbili na nusu ni uzito wa haki, mkagawana mmoja fito, mwingine kitambaa.

Jiko la kwanza kwangu ni lile dogo la kufunga juu ya kopo la gesi mchanganyiko wa propani na isobutani. La pili ni la makopo marefu ya butani, ambayo ni rahisi zaidi kuyapata. Butani hulegea joto likikaribia sifuri: unawasha alfajiri, moto unakuwa mdogo kama wa kibiriti. Lala na kopo ndani ya begi lako la kulalia, asubuhi litakutii. Jiko la spiriti ni jepesi kuliko yote, lakini mwali wake hauonekani mchana, na nyasi za kiangazi zinashika moto upesi, kwa hiyo Kitulo siliruhusu begini. Lolote utakalochagua, usipikie ndani ya hema lililofungwa. Gesi ya monoksidi ya kaboni inaua bila harufu. Na usibebe maharage mabichi. Huko juu maji yanachemka kwenye nyuzi 91 hivi, utamaliza gesi kabla hayajaiva. Yachemshe nyumbani, au chukua ndizi na viazi, ukate vidogo.

Tochi ya kichwani, sufuria moja ya alumini, chupa ngumu ya maji: chukua zozote zilizo imara. Chupa hiyo ukiijaza maji ya moto na kuivisha soksi, ni jiko la miguuni hadi usiku wa manane.

Kwa anayeshukia uwanja wa ndege wa Songwe akitokea Dar: gesi na spiriti havipandi ndege, si mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Njoo na kichwa cha jiko, kikiwa safi kisichonuka, kopo ulinunue Mbeya mjini kabla ya kupanda mlima, maana usitegemee kulipata Matamba.