Mafunzo ya huduma ya kwanza mtaani kwetu: cheti nimepata, hasira bado ninayo

Mafunzo yenyewe yalifanyika kitambo kidogo, kabla ya masika, na nilidhani kufikia sasa ningekuwa nimeshapoa. Sijapoa. Jina la waliokuja kutufundisha nalihifadhi, ila kama uko maeneo ya huku Mbagala, gari la matangazo likipita mtaani kwenu na mwenyekiti akahimiza watu wachangie hela ya chai na cheti, soma kwanza hapa.

Tulikaa chini ya turubai, watu zaidi ya 40, na mdoli wa kujifunzia kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama ulikuwa mmoja. Mmoja! Ni kichwa na kiwiliwili tu, umelazwa juu ya mkeka, na ndani una kidude kinacholia "tik" pale unapokandamiza kifua kikazama vya kutosha, yaani sentimita 5 hivi kwa mtu mzima. Ukiisikia hiyo sentimita 5 unaona si kitu. Piga magoti sasa: kiganja katikati ya kifua, mabega juu ya mikono, viwiko vimenyooka, kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila ukikandamiza uachie kifua kirudi juu chenyewe. Kijana mmoja wa gereji, mikono yake migumu ya kazi, alianza huku amekunja viwiko na mdoli ukabaki kimya. Aliponyoosha tu, tik, tik, tik. Jambo hilo hulipati kwa kutazama wala kwa kusimuliwa. Ni mpaka mkono wako mwenyewe uonje ule ugumu.

Ndiyo maana kilichofuata kiliniuma sana.

Kuna bibi mmoja jirani yetu, anauza vitumbua asubuhi. Alifika mapema kuliko wengi na akakaa viti vya mbele. Zamu yake ilipofika akafunga kanga yake vizuri kiunoni na kuanza kupiga magoti. Mwezeshaji akamshika bega: "Bibi, wewe pumzika tu. Kazi hii inataka nguvu, tuwaachie vijana." Watu wengine wakacheka. Bibi hakucheka. Akamjibu kwa upole, "Mwanangu, mchana kutwa wajukuu nashinda nao mimi. Hao vijana wanarudi usiku." Yule bwana hata hakumtazama. Alishageukia kundi la vijana waliovaa fulana za mradi, akawapanga kuuzunguka mdoli ili wapigwe picha. Picha ya kwanza, ya pili, geukeni huku, tabasamu kidogo, bango lionekane. Mdoli ule mmoja ukageuzwa pambo la picha, na sisi foleni nzima tumesimama juani.

Nauliza kwa uchungu kabisa: mafunzo haya ni ya nani? Saa nne asubuhi mtaani kwetu hakuna vijana. Wako Kariakoo, wako kwenye bodaboda, wako viwandani. Aliyebaki nyumbani mtoto anapopaliwa na kipande cha muwa ni bibi, ni mama wa genge, ni dada wa kazi. Na gari la wagonjwa, hata likiitwa, litaingiaje kwenye vichochoro vyetu? Mwezeshaji huyohuyo ndiye aliyetuambia kwamba moyo ukisimama ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu, nne au zaidi kidogo. Maneno aliyasema mwenyewe, halafu akamnyima nafasi mtu ambaye dakika hizo nne zitamkuta yuko peke yake na mtoto. Na kama nguvu kweli ni chache, si ndiyo sababu ya kumfundisha kutumia uzito wa mwili badala ya mikono?

Nilikusudia niishie hapo na niwaambie msiende kabisa. Lakini haki ya mtu lazima nimpe. Baada ya chakula alikuja muuguzi, mama wa makamo, akachukua kipindi cha pili, na mimi sijawahi kufundishwa vile. Kwanza alituuliza mtoto akiungua uji tunampaka nini. Watu wakataja dawa ya meno, asali, ute wa yai, unga wa ngano. Hakumkemea mtu. Akasema ni maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika 20, barafu hapana. Mama mmoja akauliza, na bomba likiwa halitoki? Muuguzi akavuta ndoo iliyokuwa pale na kata, akaanza: chota, mimina taratibu, chota, mimina. Mpaka leo naona mkono wake.

Akaja kwenye degedege na kifafa: kijiko mdomoni usimtie, kiatu usimnusishe, usimkandamize. Ondoa vitu vya kumuumiza, kikiisha mlaze ubavu. Na bibi wa vitumbua ndiye aliyeuliza swali kubwa kuliko yote siku ile, la mtoto aliyekunywa mafuta ya taa yaliyowekwa kwenye chupa ya soda. Asubuhi alishaliuliza akaambiwa "hayo baadaye". Muuguzi alilijibu pale pale: usimtapishe, usimpe maziwa, mkimbize hospitali, kwa sababu akitapika mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Pale watu walinyamaza wote. Nadhani nusu yetu tulikua tukijua kwamba maziwa ndiyo dawa.

Kwa huyo mama peke yake ningesema nendeni, tena nendeni na majirani.

Halafu sasa. Muuguzi alipomaliza akaangaza huku na huku akauliza, "Nani hajafika kwenye mdoli?" Mikono ikanyanyuliwa, karibu nusu ya watu, na bibi akiwemo. Mdoli uko wapi? Umeshakunjwa kwenye begi, begi liko garini, gari linawashwa kwa sababu wana mtaa mwingine. Muuguzi aliwafuata hadi dirishani kuwaomba angalau robo saa. Walikataa. Wakagawa vyeti haraka haraka, kila mtu cha kwake, aliyegusa na asiyegusa, vyote vimeandikwa kwamba mwenye cheti hiki ana ujuzi wa kuokoa maisha. Huo ni uongo uliopigwa muhuri, na uongo wa namna hii siku moja utafanya mtu ajiamini mbele ya jirani aliyeanguka asijue hata aweke kiganja wapi.

Niliwapigia simu baadaye. Nikashukuriwa kwa maoni yangu, simu ikakatwa.

Kwa hiyo, wakija kwenu, nendeni kama muuguzi yule yupo. Kabla hamjatoa hela muulizeni mwenyekiti midoli ni mingapi na kama kila aliyelipa atapiga magoti. Wakisema mmoja, gomeni, au wakubali kwamba wanaoshinda nyumbani na watoto ndio wataanza, na picha zipigwe mwisho kabisa. Sisi huku tumeshaongea na wajumbe wa mtaa, tunatafuta namna ya kumwita muuguzi mwenyewe, bila fulana na bila bango. Mdoli hana. Tukipata wa kuazima nitaandika tena.