Chanta ya mazoezi: nilianza na ya bei rahisi, nikapoteza miezi mitatu

Jamani kama kuna mtu anataka kujifunza bagpaipu, ile zumari ya Waskoti yenye mfuko kwapani, nisikilizeni kabla hamjatoa hela. Huanzi na mfuko. Unaanza na chanta ya mazoezi, ka-zumari kembamba, matundu saba mbele na moja nyuma la dole gumba, noti tisa tu basi, na unakaa nayo miezi kadhaa, wengine mwaka, ndo ushike bagpaipu yenyewe.

Mimi niko Glasgow. Ya kwanza niliagiza mtandaoni, ya mbao, inang'aa, bei ya chini, nikajua nimepata. Miezi mitatu najilaumu kwamba sina pumzi. Siku mwalimu kaishika, kapuliza mara moja tu, kanirudishia, kasema hata yeye noti ya D safi haipati humo! Matundu yametobolewa hovyo na ridi, kile kiulimi cha plastiki cha ndani, kigumu kama ukucha. Niliumia kweli.

Sasa natumia ya plastiki ya McCallum, hao wanatengenezea Kilmarnock hapahapa Uskoti, na nilichukua ndefu. Ndefu na fupi sio suala la urembo, kwenye ndefu matundu yameachana karibu sawa na ya bagpaipu kwa hiyo ukihamia huko vidole havishangai. Mtoto mdogo mpe fupi. Mimi vidole vyangu vifupi, wiki ya kwanza kidole cha mwisho cha kulia kilikuwa hakizibi tundu la chini, G ya chini inakwaruza tu, ila hii matundu yake yamechongwa kibonde, ukilaza kidole unausikia ukingo unajua hapa nimeziba.

Na mpingo je? Mimi mtu wa Lindi, moyo ulitaka ya mpingo, maana bagpaipu nzuri zinachongwa kwa mpingo na kwetu kusini ndiko unakotoka. Niliishika moja dukani, nzito, baridi mkononi, nikamkumbuka babu na fimbo yake. Lakini kwa kuanzia plastiki inatosha kabisa, haipasuki hewa ikikauka, ukimaliza unaisuuza na maji. Hela inayobaki nunua ridi ya akiba na uzi wenye nta, maana uzi wa pale kwenye kiungo, vipande viwili vya chanta vinapoingiliana, ukilegea upepo unavuja halafu unasingizia mapafu.

Ya mpingo nitainunua siku nikikabidhiwa mfuko.