Berbere ya pakiti: usiitie kwenye mafuta ya moto

Nimemaliza pakiti mbili za gramu 200 za berbere iliyosagwa tayari (mchanganyiko wa Kihabeshi wa pilipili na viungo), nikapikia mchuzi wa adesi (misir wat) na wa kuku (doro wat). Nyota tatu kati ya tano. Harufu ni nzuri, uwatu na iliki ya Kihabeshi (korarima) unazisikia waziwazi. Ila chumvi imezidi, na maelekezo ya nyuma ya pakiti yatakuharibia chungu.

Wanasema ukaange unga kwenye mafuta ya moto. Usithubutu. Uwatu ukiungua huwa mchungu, na uchungu ule hauondoki hata uongeze nini. Pilipili nayo imesagwa laini, hushika chini upesi mno. Mazoea yetu ya kutia bizari mafutani ndiyo yanayoponza hapa.

Kwa adesi nyekundu gramu 250, katakata vitunguu maji vikubwa 3, viwe vidogo kabisa. Vibandike vikavu, bila tone la mafuta, kwenye sufuria nzito na moto mdogo, kama dakika 20. Vikianza kushika, tia maji kijiko kimoja kimoja. Vikishakuwa rangi ya kahawia weka samli vijiko vikubwa 3, kisha berbere vijiko vikubwa 2 pamoja na robo kikombe cha maji. Sasa usiwe na haraka: dakika 15 za kukoroga na kudondoshea maji, mpaka wekundu wa tofali ugeuke damu ya mzee na samli ijitenge pembeni. Ukiinamia sufuria na koo halikuwashi tena, pilipili imeiva. Hapo ndipo vitunguu saumu, tangawizi, adesi na maji vikombe 3 vinaingia. Dakika 25 zinatosha.

Kwa kuku kilo 1, vitunguu pia kilo 1. Hujasoma vibaya, rojo lote linatokana na vitunguu, hakuna nyanya wala unga. Berbere vijiko vikubwa 4, na mayai ya kuchemsha yaliyochanjwa yaingie mwishoni.

Chumvi usitie mpaka chakula kiive. Kabla ya yote, weka berbere kidogo kwenye ncha ya ulimi, maana kila mchanganyiko una kipimo chake.

Samli ya Kihabeshi, niter kibbeh, huchemshwa na viungo. Ukiikosa, chemshia samli ya kawaida iliki 3, punje chache za uwatu na manjano kidogo, moto mdogo dakika 15, uchuje. Siku za mfungo Wahabeshi wa Orthodox hutumia mafuta ya mimea, na adesi hazipungui utamu.

Angalia usiuziwe mitmita, mchanganyiko mwingine wa pilipili wa Kihabeshi. Nayo ni nyekundu, lakini kali zaidi, ya kutia kwenye kitfo, nyama mbichi ya ng'ombe iliyokatwakatwa.

Pakiti ikifunguliwa, hamishia kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana na uweke friza. Ikiachwa karibu na jiko rangi hupauka, na harufu ya korarima ndiyo hutangulia kupotea.