291 au Art of This Century: ipi iliitikisa New York zaidi?

Zote mbili zilikuwa galari za sanaa huko New York, na hakuna iliyodumu. 291, ya mpiga picha Alfred Stieglitz, ilifunguliwa 1905 katika vyumba vidogo vya Fifth Avenue, ikafungwa 1917. Art of This Century ya Peggy Guggenheim, tajiri mkusanyaji wa sanaa, iliishi miaka mitano tu, 1942 hadi 1947.

Kwa sura, Guggenheim anashinda bila kutoka jasho. Msanifu Frederick Kiesler alimwekea kuta zilizopinda, akavua picha fremu, zikawa kama zinaelea hewani. Kwa Stieglitz palikuwa padogo, basi. Lakini vilivyopita pale! Kazi za wachoraji wa Ulaya, Matisse 1908 na Picasso 1911, na mwaka 1914 vinyago vya Afrika vikaoneshwa kama sanaa, si vioja vya makumbusho. (Jina la maonyesho yenyewe, hata hivyo, liliwaita wachongaji washenzi. Hilo halimezeki.)

Guggenheim naye ana turufu: mwaka 1943 alimpa Jackson Pollock, mchoraji Mmarekani aliyekuja kuvuma, maonyesho yake ya kwanza ya peke yake. Turufu kubwa, sikatai. Ila mimi niko na Stieglitz. Yeye alithubutu mapema, wakati wageni wengi hawakujua hata wanatazama nini.